Kadi ya Kasi na Sloti ya Pili: Kisa cha Mpiga Picha wa Harusi za Wanawake, Lamu

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya mhusika. Jina lake, mtaa, mwaka na familia iliyomwita vimeondolewa. Modeli ya kamera nayo nimeificha, maana Lamu ni mji mdogo na watu hujua kamera gani ni ya nani. Mimi nafundisha upigaji picha Malindi. Niliingia katika habari hii kwa simu, mambo yakiwa yameshaharibika.

## Usuli

Mhusika, nitakayemwita Bi M, hupiga picha na video za shughuli za wanawake: hina, kupamba, kutunza (kumzawadia bibi harusi). Lamu kazi hii hafanyi mwanamume. Wageni wakifika huvua mabuibui, simu huachwa mlangoni, na kuanzia hapo mwenye kamera ndani ya nyumba ni mmoja tu, naye anaaminiwa na kila mwenye mke au binti mle ndani. Picha za usiku ule hukabidhiwa bibi harusi na watu wake. Hazipiti kwa fundi, haziendi maabara, haziwekwi mtandaoni.

Watu wanaoshauriana juu ya kadi za kamera huzungumzia kasi na bei. Kwa Bi M kuna jambo la tatu linaloyatangulia hayo mawili: kadi yake ikiharibika, hana pa kuipeleka. Mafundi wa kuokoa data anaowajua yeye ni wanaume wa Mombasa, na kazi yao ni kufungua picha moja moja kuhakikisha zimerudi. Ukilisahau hili, uamuzi wake mwingine katika kisa hiki utauona wa ajabu.

Ana msaidizi mmoja, binti wa nduguye, ambaye hunakili kadi kwenye laptopu na baadaye huhariri video.

## Vifaa, na kwa nini vilichaguliwa hivyo

Kamera ilikuwa mpya, ya megapikseli 24, yenye sloti mbili (matundu ya kadi) zisizofanana: moja ya CFexpress aina ya B, kadi ya kasi kubwa, nyingine ya SD ya kawaida inayokubali UHS-II, kiwango cha kasi cha kadi za SD kilicho juu ya UHS-I. Mpangilio huu si wa kigeni. Canon EOS R5 na Nikon Z6 II zimeundwa hivyo pia. Kinadharia CFexpress aina ya B ya toleo la 2.0, lililotoka 2019, hupitisha hadi MB 2,000 kwa sekunde. Bi M alinunua ya GB 128 ya kampuni inayoaminika, nayo ikamaliza bajeti.

Sloti ya pili ilibaki na kadi ya SD ya kamera ya zamani. Juu yake imeandikwa 170 MB/s kwa tarakimu kubwa, na pembeni alama mbili ndogo, U3 na V30. Hesabu yake ilikuwa kwamba 170 si haba, kwa hiyo pesa ziende kwenye sloti ya kwanza.

Hiyo 170 imewapoteza wengi. Kadi ile ni ya UHS-I, na kiwango cha UHS-I kinaishia MB 104 kwa sekunde. Zaidi ya hapo hupatikana tu kwa kisomaji maalumu kinachotumia njia iliyo nje ya kiwango. Ndani ya kamera njia hiyo haipo. Kuandika, kadi halali ya aina hiyo hufika MB 80 au 90. Alichoahidi mtengenezaji ni kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo: V30, yaani ikirekodi video mfululizo haitashuka chini ya MB 30 kwa sekunde. V60 ni 60, V90 ni 90. Kadi za UHS-II, zenye safu ya pili ya miguu ya shaba mgongoni, njia yake inafika MB 312, na kamera ya Bi M ilikuwa tayari kuzipokea. Sloti ilikuwa pana kuliko kadi iliyomo.

Aliweka kamera iandike RAW, faili ghafi ya picha, kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Hilo lilikuwa sahihi kwa kazi yake, na ndilo lililoleta msukosuko wa usiku wa kwanza.

## Usiku wa hina

Kulikuwa na picha za utulivu kwanza: mkono wa bibi harusi juu ya mto, piko, rangi nyeusi ya kuchorea, ikipanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, mchoraji akipuliza ua moja likauke kabla ya kuanza la pili. Hapo kamera haikulalamika.

Mashaka yalianza vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, lilipoingia. Wanawake wanagonga pembe, mashangazi wanazunguka, na Bi M amefungua picha za mfululizo, kumi kwa sekunde. Faili moja ya RAW ya megapikseli 24, ikibanwa bila kupoteza kitu, huwa MB 25 hadi 30. Kumi kwa sekunde ni karibu MB 300. Kadi ya CFexpress inazimeza bila taabu. Ile ya SD inameza tatu kwa sekunde. Kamera inayoandika pande zote mbili haiwezi kuachilia nafasi kwenye bafa (kumbukumbu yake ya muda) mpaka kadi zote mbili zimalize, kwa hiyo inakwenda kwa mwendo wa iliyo nyuma. Bafa ikajaa, shata ikaanza kupiga picha moja moja, kisha ikagoma. Taa ya kadi ikabaki inawaka huku nyanya wa bibi harusi, aliyekuwa amekaa kitini usiku kucha, akiinuka na kucheza.

Hizo picha hazikupotea; hazikupigwa kabisa. Nitalirudia hili kwenye uchambuzi.

Usiku ule nyumbani alipima njia tatu. Kupunguza mwendo wa mfululizo hakukutaka, kwa kuwa kesho yake bibi harusi angeingia ukumbini mara moja tu. Kununua kadi nyingine hakukuwezekana: kadi ya SD ya UHS-II hukuti dukani Lamu asubuhi ya Ijumaa, na ya kuagizwa Mombasa isingewahi. Iliyobaki ilikuwa kuivunja ndoa ya kadi mbili. Aliiweka SD iwe ya akiba, ianze kutumika ya kwanza ikijaa, na nakala ya pili ikaondoka.

## Usiku wa kupamba

Kwa mwendo, alipata alichokitaka. Bibi harusi aliingia, akaketi jukwaani ameinamisha macho, na kamera haikukwama hata kidogo.

Ila video ilikuwa na uamuzi wake. Laptopu ya msaidizi ni ya zamani na hukwama inapofungua video zilizobanwa kwa kulinganisha fremu na fremu. Kwa hiyo walichagua mfumo wa ALL-I, ambao kila fremu husimama peke yake na kompyuta dhaifu huufungua kwa wepesi. Katika kamera ile mfumo huo ni megabiti 400 kwa sekunde. Gawa kwa nane upate megabaiti: MB 50 kila sekunde, GB 3 kila dakika. GB 128 zinakwisha kwa dakika 42 za video pekee, bila picha hata moja. Kwa mfumo wa megabiti 200 zingechukua karibu dakika 85. Kadi ilikaribia kujaa mapema kuliko walivyozoea, na Bi M akataka kuichomoa inakiliwe badala ya kuacha video zimiminikie kwenye SD. Hapo hakukosea: MB 50 kwa sekunde ni nyingi kuliko ahadi ya V30.

Umeme ukakatika alipokuwa akirekodi mama anapanda kumtunza bintiye. Akasimamisha video. Giza, vigelegele, mtu anaita jenereta iwashwe. Akaona hizo ndizo dakika za kubadilisha kadi, akafungua kifuniko na kuichomoa. Msaidizi anasema aliona nuru ndogo nyekundu ikizimika *baada* ya kadi kutoka.

Kamera nyingi hurekodi faili za video za MOV au MP4 kwa kumwaga data kwanza, kisha zinapofunga faili ndipo huandika faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi. Kazi hiyo kwa kawaida huisha haraka. Lakini kadi ya CFexpress hupata joto ikiandika mfululizo, na ikizidi joto hujipunguza mwendo yenyewe. Chumba kilikuwa kimejaa watu, kaskazi, feni zimezimika. Sidai kwamba joto ndilo lililoichelewesha. Najua tu kwamba taa ilikuwa bado inawaka.

Walipoitia laptopu, ikasema kadi haijafomatiwa, ifomatiwe?

## Uokoaji bila mtu wa tatu

Simu yangu ililia usiku wa manane. "Mwalimu, usinione vibaya kwa saa hizi. Tufanyeje?" Swali lake la pili lilikuwa kama apande boti ya asubuhi hadi Mokowe na basi mpaka Malindi aniletee kadi. Nilimwambia asiilete, nikijua ameuliza kwa kukata tamaa. Mimi ni mwanamume pia.

Nilimpa masharti: asikubali kufomati, kadi isirudi kwenye kamera, wasiiandikie chochote. Shughuli iendelee na SD, RAW tu, video kwa megabiti 200. Kadi nikamwambia aifunge kwenye leso aiweke kifuani, asimpe mtu.

Kesho yake tulifanya kazi kwa simu, sauti pekee. Sikuomba kuona skrini yake, naye hakujitolea. Kwanza alitoa nakala ya kadi nzima, biti kwa biti, kwenye diski ya nje, ili makosa yoyote yafanyike juu ya nakala. Kisha PhotoRec, programu ya bure isiyojali orodha ya mafaili. Hupita data yenyewe ikitafuta alama ambazo picha na video huanza nazo. Ndiyo maana ilifaa hapa: kilichovunjika kilikuwa orodha, si picha.

Mafaili yalirudi na majina mapya ya herufi f na mlolongo wa tarakimu, mpangilio umevurugika, ila saa ya kupigwa iko ndani ya kila faili na msaidizi aliyapanga upya kwa hiyo. Klipu ya mwisho, ya mama na bintiye, haikufunguka. Kwa klipu kama hiyo kuna programu nyingine ya bure, untrunc, inayotazama klipu nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile na kuibunia ile mbovu faharasa. Ilifanya kazi.

## Matokeo

Picha za kupamba zilirudi. Video zilirudi, isipokuwa sekunde za mwisho za klipu ile. Familia ilipokea kazi ikiwa imechelewa, na Bi M aliwaeleza kilichotokea kabla hawajauliza. Nyanya akicheza vugo hana picha.

Muuzaji alikubali kuibadilisha ile CFexpress bila malipo, mradi irudishwe dukani. Bi M alikataa. Kadi imekaa kwake, haitumiki.

## Uchambuzi

Anayesikiliza kisa hiki haraka atasema kosa ni kuondoa nakala ya pili. Mimi sikubali moja kwa moja. Tazama hasara: usiku wenye nakala mbili ulipoteza picha ambazo hakuna programu duniani ya kuzirudisha, na usiku usio na nakala haukupoteza karibu chochote. Bi M alichagua kati ya hatari ya hakika na hatari ya labda, akachagua labda. Kwa alivyokuwa navyo mkononi Ijumaa ile, sioni uzembe.

Ila aliziona njia tatu na zilikuwepo nne. Kamera yake ingeweza kuandika RAW kwenye CFexpress na JPEG, picha iliyobanwa na kuwa nyepesi, kwenye SD. JPEG ya kawaida ya megapikseli 24 ni kama MB 6. Hata kumi kwa sekunde ni MB 60, na SD yake ingezimudu. Nakala ya pili ingekuwa hafifu kuliko ya kwanza, lakini ni picha kamili ya kuchapisha. Watu wengi hudhani nakala ya akiba lazima ifanane na asili kwa kila kitu. Si lazima.

Kwa upande wa video, megabiti 400 ziliamuliwa na laptopu. Uzee wa kompyuta ya bei ndogo ulilazimisha kadi ijae kwa dakika 42, ukalazimisha kubadilisha kadi katikati ya shughuli, na ukaziba uwezekano wa kurekodi pande zote mbili. Kwa megabiti 200, yaani MB 25 kwa sekunde, hata ile V30 ingetosha na kamera ingekubali nakala mbili za video. Dawa ya laptopu dhaifu ni kumtengenezea mhariri nakala nyepesi za video baada ya shughuli, usiku kompyuta ikijifanyia kazi peke yake, si kuzipiga nzito tangu mwanzo.

Kisha kuna pesa. Kadi moja ya kifalme na moja ya kale ni ununuzi niuonao mara nyingi Malindi na Mombasa pia. Ungechukua fedha ileile, ukapata CFexpress ya daraja la chini kidogo na SD ya V60 ya UHS-II, ambayo nyingi zake huandika zaidi ya MB 100 kwa sekunde, kamera ingekwenda vizuri zaidi kwa nakala mbili kuliko ilivyokwenda na ile ghali. V90 sikumshauri; hapigi video inayoihitaji.

Lililofanyika vizuri ni ile dakika ya kwanza baada ya ajali. Laptopu iliuliza "ifomatiwe?" na msaidizi, binti mdogo, akaondoa kidole. Hakuna ushauri wangu wowote ungefaa kama angebonyeza ndiyo na kuendelea kuitumia.

Jambo la faragha lina upande wake mchungu. PhotoRec iliyomwokoa Bi M iko wazi kwa kila mtu. Kufomati ndani ya kamera kwa kawaida hufuta orodha tu, na picha hubaki chini yake hadi ziandikwe nyingine juu. Nilipomuuliza, alikumbuka kwamba ile SD ya zamani aliwahi kumwazima binamu yake kwa mashindano ya mashua, baada ya "kuisafisha". Hatukusema sana juu ya hilo. Tangu hapo kadi za harusi haziazimwi wala haziuzwi, na kila moja, kazi ikishakabidhiwa, hujazwa video za ukuta mtupu mpaka pomoni kabla ya kutumika tena. Hata hivyo kadi huwa na sehemu za akiba ambazo kamera haizioni, kwa hiyo inayostaafu huvunjwa kwa nyundo.

Kwa sababu hiyohiyo waranti haina thamani kwake. Kadi iliyoharibika ikiwa na picha ndani hairudi dukani, hata muuzaji awe mwaminifu namna gani. Katika bei ya kadi, mtu kama Bi M ahesabu kwamba ikifa imekufa na pesa zake. Hesabu hiyo inazidi kuunga mkono kadi mbili za wastani.

## Mpangilio wa sasa

CFexpress mbili ndogo na SD mbili za V60, zote zimejazwa hadi mwisho na kusomwa upya kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kabla ya kuingia kazini, kwa kuwa kadi bandia hudanganya ukubwa na huonekana nzima mpaka siku ya kujaa. RAW huku, JPEG kule. Video megabiti 200 pande zote. Kisomaji cha zamani cha USB 2.0, kilichokuwa kikichukua karibu saa nzima kunakili GB 128, kimeachwa. Kubadilisha kadi ni kazi ya msaidizi, ambaye huifunika lenzi kwa mkono na kuitazama taa.

Gharama za kadi zimeingizwa kwenye malipo ya awali, na familia nyingi zimekubali. Moja ilikuja na ombi jipya: wanunue kadi wenyewe, zitumike usiku mmoja, wabaki nazo bila nakala kokote. Bi M amekubali na sasa huwapa wengine nafasi hiyo, kwa sharti moja. Kadi ya flashi ikikaa miaka kabatini bila umeme inaweza kupoteza ilichohifadhi, basi familia ilete pia diski mbili, na kunakili kufanywe palepale nyumbani kwao, mamake bibi harusi akiwepo.